Fundi Aliyekatazwa Kukanyaga

Saa moja asubuhi, sebule ya Mama Vifungo imeshajaa. Mmoja anajaribu sketi juu ya suruali, mwingine ameleta koti lenye zipu iliyogoma, wa tatu hana nguo yoyote ya kushonwa, amekuja kupata habari. Katikati yao fundi mwenyewe anakata kitambaa cha maua mezani. Mguu wake wa kulia umelazwa juu ya kigoda chenye mto, bandeji imeuzunguka mpaka juu ya kifundo.

Leo hacheki. Mkasi ukifika kwenye kona anasita, anautazama mguu, anaendelea.

"Saa nne wanafungua bandeji," anasema, kana kwamba kuna mtu amemuuliza.

"Tumeshasikia, wifi," anajibu dada wa mumewe, mwanamke mnene wa sauti kubwa anayeishi chumba cha nyuma. "Umetuambia tangu chai. Hata paka anajua."

Wateja wanaangua kicheko. Mama Vifungo anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kinachomkosesha raha hawakijui wateja hawa. Kinajulikana na watu watatu tu: yeye, wifi yake na jirani mmoja.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu hatupi kifungo, hata kilichovunjika nusu. Ameshona tangu usichana wake, na siku zote alikanyaga cherehani peku, maana kiatu, anasema, kinamfanya asiusikie mwendo. Kisukari kilipomwingia, ganzi ilianzia vidoleni ikapanda taratibu. Yeye akadhani ni uchovu.

"Siku moja napita jikoni, mume wangu ananiuliza, 'Mbona unachora sakafu?' Natazama nyuma, damu. Nainua unyayo, pini imezama mpaka kichwa! Sijui niliikanyaga lini. Labda asubuhi ile, labda jana yake. Mguu wangu mwenyewe, ukaninyima habari."

Tundu la pini likawa kidonda, kidonda kikawa shimo. Kilisafishwa, kikapakwa dawa, kikapata na ushauri wa kila aliyepita mlangoni. Hakikufunga. Mwisho daktari wa upasuaji aliwakalisha yeye na mumewe, akaanza kuzungumzia goti, na ni wapi chini yake pangekatwa.

"Mume wangu ni mlinzi, hatishiki ovyo," anasema. "Siku ile alinibana mkono mpaka pete ikaniingia nyamani."

Kabla tarehe haijapangwa, walielekezwa kwa daktari mwingine katika hospitali hiyohiyo, anayefanya utafiti wa kutibu vidonda vya kisukari kwa seli shina. Kwa maelezo ya daktari huyo, seli hizo ni kama vibarua ambao hawajapangiwa kazi. Zimo mwilini, hata kwenye mafuta, na zikifikishwa penye kidonda zinaweza kuuamsha mwili ujenge mishipa midogo ya damu na ngozi mpya. Mafuta kidogo yanachotwa tumboni kwa mgonjwa, seli zinatengwa na kukuzwa maabara, kisha zinachomwa kwa sindano kuzunguka kidonda.

"Nimesema zinaweza, sikusema zitafanya," daktari anasisitiza. "Bado tunajaribu. Wapo ambao kidonda kilifunga, na wapo ambao tuliishia kuwakata. Simwahidi mtu mguu."

Wifi mtu alipoelezwa kuwa dawa imetoka kwenye kitambi, alijipiga tumbo. "Kumbe hiki ni akiba! Waambieni waje, nina cha kutosha mtaa mzima."

Sindano za awamu ya kwanza zilichomwa, za pili zikabaki maabara zikisubiri. Masharti hayakuwa mengi: sukari isipande, na mguu usikanyage. Si sakafu, si kikanyagio cha cherehani. Mama Vifungo akajifunza upya kushona, safari hii kwa mguu wa kushoto peke yake. Alikuwa akimaliza magauni matatu kwa siku. Sasa likikamilika moja, nyumba nzima inapiga vigelegele.

Ilikwenda hivyo mpaka juzi.

Juzi jirani muuza mitumba aliingia na kisa cha bwana harusi aliyefika ukweni na msafara wake, akakuta bwana harusi mwingine ameshakaa, amevaa, na soda ameshafunguliwa. Jirani huyo anajua kusimulia. Mama Vifungo alikuwa anashona pindo. Kisa kilivyonoga, ndivyo gurudumu lilivyozidi kasi.

"Nikawa najiuliza, mbona leo cherehani kimekuwa chepesi?" anasema.

Wifi alitoka chumbani kuuliza yule bwana harusi wa pili alikuwa nani. Hakufika mwisho wa swali. Alipiga ukelele. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya kikanyagio, inapanda na kushuka kama ya msichana, na pembeni mwa bandeji palikuwa na unyevu wenye ukubwa wa kifungo cha koti.

"Mguu una mazoea yake," Mama Vifungo anasema, sauti imeshuka ili wateja wasisikie. "Ulisikia gurudumu, ukaenda wenyewe. Ungeuma ningejua. Haukuuma hata kidogo."

Tangu hapo nyumba ina ubishi wa kunong'ona. Akisema, daktari anaweza kumtoa kwenye utafiti, na zile seli za pili zisichomwe. Kumtoa ni kumrudisha kwa yule wa goti.

"Nyamaza," wifi anamwambia wakati wateja wanapanga foleni ya kupimwa. "Kidonda ni kidonda, kinatoa maji. Nani atajua?"

"Na kikiwa kimeharibika?"

"Basi kimeharibika. Utasema ulikuwa umelala."

"Wifi, nimelala na miguu juu ya cherehani?"

Saa nne wako kliniki. Chumba ni kidogo, kina kitanda kirefu kilichotandikwa karatasi na dirisha linalotazama ukuta. Nesi anamchoma kidole kupima sukari, anasoma namba, anaitikia kwa kichwa kuonyesha kuwa inafaa. Mama Vifungo haulizi ni ngapi. Macho yake yako kwenye mkasi wa bandeji. Wifi amesimama nyuma yake, mkono begani, anabana.

Mkasi unaingia chini ya tabaka la kwanza.

"Subiri, mwanangu," anasema Mama Vifungo. "Muite daktari kwanza. Nimekanyaga."

Wifi anaachia bega. Nesi anasimama na mkasi hewani.

Daktari anapoingia anaelezwa yote, kuanzia pindo mpaka unyevu. Anasikiliza bila kukunja uso, na hilo linawatisha zaidi kuliko kama angefoka.

"Ulikanyaga kwa muda gani?"

"Kisa kizima, daktari."

"Kisa kirefu?"

"Kilikuwa na mabwana harusi wawili."

Nesi anageukia ukuta, mabega yanamcheza. Daktari hacheki. Anavaa glavu, anafungua bandeji mwenyewe, polepole, tabaka moja moja. Mama Vifungo amefumba macho. "Niambie wewe, wifi," anasema. "Mimi siwezi."

Wifi anainama.

"Pekundu," ananong'ona. "Si pekundu pabaya. Kama ulimi wa mtoto. Shimo limepanda, wifi, limejaa. Ila huku pembeni... huku pamechanika."

Ndivyo ilivyo. Nyama mpya imeota, tena zaidi ya daktari alivyotarajia, na ukingo mmoja umefunguka kwa kusuguliwa. Anachukua majimaji ya pale kwa pamba ndefu ili yapimwe kama wadudu wameingia; majibu atapigiwa simu. Maabara ikisema pako salama, sindano za pili zitachomwa. Ikisema wameingia, watapambana na wadudu kwanza, na seli zitasubiri. Kuhusu goti, anasema leo hawezi kusema lolote.

"Kukutoa sikutoi," anaongeza akivua glavu. "Ungenyamaza, mama, ningehesabu kwamba dawa imeshindwa hapa pembeni. Ningekosea kwako, na kwa anayekuja baada yako. Lakini ukirudia, hata mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Wanarudi nyumbani polepole, Mama Vifungo juu ya magongo yake. Wifi anamshika kiwiko, na kila magongo yakiteleza kidogo, wote wawili wanavuta pumzi pamoja.

Mchana, kabla hajala, Mama Vifungo anakisogeza kiti chake upande wa kushoto wa cherehani, mbali na kikanyagio. Kwenye nafasi ya fundi anamweka wifi yake, ambaye maishani mwake hajashona hata mfuko wa mto.

"Wewe mguu, mimi mikono," anamwambia.

"Nitaharibu gauni la watu!"

"Kanyaga. Nikisema simama, simama."

Gurudumu linazunguka nyuma, uzi unakatika. Linazunguka mbele, kwa fujo. "Taratibu, wifi, hufukuzwi na mtu!" Mshono wa kwanza unapinda kama njia ya mbuzi. Wa pili unapinda kidogo. Jirani muuza mitumba anachungulia mlangoni na mdomo umeshafunguka, kisa kipo tayari. Wote wawili wanamwonyesha kidole: leo hapana.

Mpango wa Mama Vifungo ni kushona hivi mpaka kidonda kifunge, hata kama msimu mzima utapita. Kikifunga, atavaa kiatu cha kufunika unyayo, aukubali mwendo asiousikia. Na ikiwa hakitafunga? Anakunja pindo, analibana kwa vidole.

Simu inaita juu ya meza. Wifi anakiacha kikanyagio, mguu umebaki hewani. Mume, aliyekuwa amelala baada ya zamu, anatokea mlangoni na shuka kiunoni. Mama Vifungo anaishika simu kwa mikono miwili, anaitazama namba, kisha anashusha pumzi ndefu. Si hospitali. Ni mwenye gauni la maua.

"Gauni lako kesho, mama, usiwe na wasiwasi," anasema. Anasikiliza. "Mguu? Mguu bado unashonwa."

Anaiweka simu chini, karibu na mkono. "Haya, wifi. Kanyaga."