Koti Ambalo Halikuwemo Kwenye Filamu

Wakati ule Katanga ilipojitenga ikawa nchi peke yake, filamu mpya ziliacha kutufikia. Padri wa misheni yetu kule Katuba alibaki na zile zilizokuwa ndani ya masanduku yake, akazizungusha Jumapili baada ya Jumapili, mchana, kwa sababu usiku hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Madirisha ya sali, ukumbi wa misheni, yalizibwa kwa mablanketi, nasi tukakaa kwenye mabenchi ya shule. Niliziona zote, nyingine zaidi ya mara moja, kwa hiyo nina haki ya kuzisema.

Ya kauboi haikuwa kitu. Farasi alicheza vizuri kuliko bwana wake. Mume wangu, aliyefanya kazi kwenye treni ya kwenda Sakania, alicheka peke yake pale majambazi waliposimamisha garimoshi zima kwa gogo moja. "Ile breki iko ya sinema," alisema. Ya mwanamume mnene na ngazi yake niliipenda, na hata leo nikiikumbuka nacheka. Ya msichana mtakatifu ilinichosha: alichunga kondoo kwenye matope mwanzo hadi mwisho na nguo yake haikupata hata doa, na mimi nilikuwa nimetoka kusugua suruali za mtu wa reli. Ya msituni niliichukia kabisa. Weusi wenzetu waliwekwa mle kukimbia na kupiga kelele tu.

Iliyobaki ilikuwa ya mapenzi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Binti wa duka la mikate, katika mji wa Ulaya wenye mvua, amechumbiwa na baharia. Baharia anaondoka, habari zake zinakatika. Binti anangoja hadi anachoka, anakubali kuolewa na mdogo wake baharia. Siku ya harusi, wageni wakiwa mezani, mlango unabishwa. Binti anainuka na gauni lake jeupe, anashika kitasa. Hapo kitambaa cha kuonyeshea filamu kinabaki cheupe kitupu na mashine inazunguka bure, kwa sababu bobini ya mwisho, gurudumu lenye mkanda wa filamu, ilikuwa imepotea njiani. Tulitoka nje tukinung'unika kama watu walionyang'anywa sahani.

Aliyeendesha ile mashine alikuwa na mke, jirani yangu, ua kwa ua. Wazazi wake walitoka Kasai, jimbo jingine, lakini yeye alizaliwa hapa hapa kama mimi. Tulifuma sweta pamoja kwenye fuaye, nyumba ambamo madamu mmoja Mbelgiji alitufundisha kazi za mikono. Sweta zangu zilinyooka. Zake zilikuwa na matundu ya kupitisha kidole. Hakuna aliyeyaona, maana yeye alikuwa na mdomo wa kusimulia.

"Mama," wanawake walimwuliza siku moja, "ni nani alikuwa ku mulango?"

Akalaza sindano zake mapajani. "Haikuwa baharia. Ni mama yake."

Akatueleza. Mama mzee amelowa mvua, mikononi ana koti la mwanawe. Hasemi neno. Bibi harusi analipokea lile koti, analivaa juu ya gauni jeupe, anapita katikati ya wageni na hakuna anayethubutu kumshika. Anatoka, anaingia mvuani.

"Na bwana harusi?"

"Anabaki anakata keki, sababu hajue mikono yake ifanye nini."

Sindano zote zilisimama. Madamu, aliyeelewa nusu tu ya Kiswahili chetu, alipangusa macho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile lile, nimetazama kitambaa kile kile cheupe, na nilichokiona ni kitambaa.

"Wee uliionaka wapi?" nikamwuliza.

"Bwana yangu aliionaka zamani, mbele ile bobini ipotee."

Sikumwamini. Mume wake alikuwa mtu asiyeweza kukueleza hata alichokula asubuhi. Nyumbani nikajaribu kumsimulia mume wangu mwisho ule, nikachanganya koti na keki, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Akasema, "Acha, nitamuuliza yeye mwenyewe." Akaenda, akasimama kwenye ua wake akisikiliza, mikono nyuma kama mwanafunzi. Niliwatazama dirishani. Hakuna kibaya walichofanya. Ningependa kiwepo, ningejua la kusema.

Halafu ile bobini ikaonekana Sakania, ndani ya ghala la stesheni, chini ya magunia. Mume wangu ndiye aliyeileta, ameipakata njia nzima. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikitangaza: njooni, Jumapili tutaona mwisho wenyewe.

Sali ilijaa hadi watu wakasimama ukutani. Jirani yangu alikaa mbele yangu, nywele amesuka upya, na mimi nilitazama shingo yake zaidi ya filamu. Mlango ukabishwa. Binti akainuka, akafungua. Alikuwa baharia mwenyewe, amenyoa ndevu, mfuko begani, anacheka. Mdogo wake akamkumbatia, wageni wakapiga makofi, muziki, basi.

Nikageuka kuona nyuso za wanawake.

"Koti iko wapi?" sauti moja ikauliza gizani.

"Bameharibu!" mwingine akajibu. "Bamebadirisha filme!"

Kelele zikapanda. Padri alisimama mbele, mikono juu, haelewi kosa lake. Walimwambia ameletewa bobini ya uongo, arudishe ile ya kweli. Mume wangu mwenyewe alitikisa kichwa: "Mi nilibeba kitu ya bure." Hakuna hata mmoja aliyemgeukia jirani yangu. Yeye ndiye aliyenigeukia mimi, macho yamejaa mshangao, akasema taratibu, "Na mi nilizani ni mama yake, kweli." Wala hakuwa anadanganya. Nilitamani awe mwongo, akaninyima hata hilo.

Baadaye mambo yakawa mabaya mjini. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa maadui wa Katanga, wakaanza kupigwa barabarani, nyumba zao kuchomwa, na wengi wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wenye kofia za buluu. Alasiri moja jirani yangu alikuja mlangoni kwangu, godoro kichwani, mume wake nyuma na cherehani begani.

"Tunaenda, mama."

"Mutarudia?"

"Sijue."

Nilimbebea sufuria hadi barabarani. Wanawake wa mtaa walitoka wote, wakamlilia kwa sauti, wengine wakamshika nguo. Niliogopa kwa ajili yake. Na hapo hapo, sufuria zikiwa mikononi, nilijiuliza kama ningekuwa mimi ninayeondoka, nani angelia hivyo.

Kwenye fuaye wakaniomba mimi niwasimulie ile ya mtu mnene na ngazi. Nikaisimulia yote, bila kuruka wala kuongeza. Nilipoinua macho walikuwa wameinamia sufu zao. Sweta nzuri zilitengenezwa siku ile.

Ulipita muda mrefu. Watu wa kambini wakaanza kupandishwa treni kurudishwa Kasai, na siku moja mume wangu akarudi kutoka stesheni akiwa na furaha.

"Nimemuona jirani yetu! Iko mu behewa, bantu bamemuzunguka. Amenisalimia na mukono, kiisha akaendelea."

"Akaendelea na nini?"

"Na filme. Ile siijue. Kuna mwanamuke iko juu ya daraja, amebeba mulango ya nyumba yake ku mugongo."

"Mulango? Anaupeleka wapi?"

"Treni iliondoka," alisema, akavuta kiti akaanza kula.

Nilimwuliza tena, nikamwuliza na kesho yake. Hakujua zaidi. Alikuwa amesikia mwanzo na hakujali kitu, na mimi, ambaye ningekaa mle behewani hadi Kasai, sikusikia hata neno.