Walii Kwenye Skrini Mbili

Asubuhi ile ya Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, nilifungua laptop yangu kwa nia ya kuangalia tu kama imejaa chaji. Ilikuwa imejaa. Kama ningeifunga pale pale nikaenda kupiga pasi kanzu yangu, siku ingekwenda vingine. Lakini mikono yangu haikutulia. Haikuwa imetulia tangu Jumatano, nilipokubali kazi iliyokuwa mbele yangu.

Jumamosi hiyo nilikuwa naozesha. Bibi arusi ni binti wa rafiki yangu niliyesoma naye Tanga tangu chuo cha Kurani. Alikuja Minnesota kusoma, akabaki, na sasa anafanya kazi katika maabara huko Golden Valley. Mimi ananiita baba mdogo. Bwana arusi ni muuguzi, kijana wa Mombasa. Baba yake binti, ambaye ndiye walii, mwenye haki ya kumwozesha, alinyimwa viza mara mbili, na miguu yake sasa haimruhusu hata kwenda kuomba mara ya tatu. Angeweza kunipa uwakili, nimwozeshe mwanawe kwa niaba yake, na kila mtu angeridhika. Yeye hakuridhika.

"Shehe," aliniambia kwa simu, "binti ninaye mmoja. Nataka nimwoze kwa ulimi wangu, naye anione nikisema. Likishindikana kabisa, basi, uwakili nimekupa. Lakini lishindikane kwanza."

Masheikh wamehitilafiana juu ya akdi, yaani kufunga ndoa, ya watu walio mbali na wenzao, na niliyoyasoma yamenifundisha tahadhari. Niliridhia kwa sharti: mashahidi wawili wamwone walii na wamsikie, naye amsikie bwana arusi akikubali, yote katika kikao kimoja kisichokatika. Kwa sauti tupu nisingeozesha. Kwa hiyo picha ile ya video haikuwa pambo. Ilikuwa mhimili.

Kazi yangu ni kompyuta, miaka mingi sasa, katika kampuni moja huko Plymouth. Laptop yangu inatumia Linux, mfumo ninaouendesha kwa amri za kuandika, na ndani yake kuna programu inayopanga madirisha yenyewe kama fundi anavyopanga vigae: hakuna dirisha linalofunika jingine. Madirisha yanakaa kwenye kurasa zenye namba, mimi naziita meza, na nikitaka meza fulani nabonyeza vitufe viwili tu. Kipanya sikigusi. Kazini naunganisha skrini mbili kubwa, nyumbani moja, na kila nikihama ni lazima niielekeze upya: meza hii ikae skrini ile, na ile irudi kwenye laptop. Wenzangu ofisini wananicheka kwamba nafanya kazi ya kuhamisha kazi. Mimi napenda. Kitu kikikaa mahali pake, huwa nasema alhamdulillahi hata kama ni dirisha.

Ijumaa nilikwenda ukumbini kujaribu. Ukumbi wenyewe ni chumba cha mikutano katika majengo ya kupanga ya Brooklyn Park, una TV kubwa ukutani. Nilichomeka waya, nikaandika amri kwa mkono, picha ikatokea kwenye TV na laptop ikabaki na khutba yangu. Kazi ikaisha. Nikarudi nyumbani, na bado moyo unasema: na kesho ukisahau amri? Na ukikosea herufi mbele ya watu?

Ndiyo maana Jumamosi alfajiri niliandika faili dogo la amri. Nikichomeka waya, kila kitu kijipange chenyewe. Nililijaribu kwa skrini yangu ya nyumbani mara tano, mara zote likafanya kazi. Nikafurahi. Nikaingia kwenye gari.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumekaa. Nje, marundo ya theluji chafu yalikuwa bado hayajayeyuka pembeni mwa maegesho, ingawa ilikuwa Aprili. Tanga ilikuwa saa kumi na moja jioni. Rafiki yangu akapiga, uso wake ukajaa kwenye laptop: kofia, miwani, na ukuta wa kijani nyuma yake.

"Assalamu alaikum! Umeme umekatika huku tangu mchana," akasema. "Simu ina chaji kidogo. Tusikawie, shehe."

"Hatukawii," nikasema, nikachomeka waya wa TV.

Skrini ya laptop ikazimika. TV haikuwaka.

"Hallo?" Sauti ya rafiki yangu ilitoka kwenye giza, safi kabisa. "Mbona kimya? Mmeshaanza kula?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa papo hapo. Faili langu lilikuwa na amri mbili. Ya kwanza ilizima skrini ya laptop. Ya pili iliamuru skrini kubwa iwake, na jina nililoliandika ni la skrini ya nyumbani kwangu. TV ya ukumbi ina jina jingine. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa ametumwa kwenye skrini iliyobaki nyumbani kwangu, nayo ilikuwa imezimwa.

"Sheikh," bwana arusi akaninong'oneza, "si tu-use tu simu yangu? Ni-call mzee sai?"

"Dakika moja."

"Ni simple tu, sheikh, na-dial..."

"Nimesema dakika moja, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko kwenye faili. Simu yake ingetosha. Mashahidi wangeinama juu yake, tukamaliza. Lakini kompyuta ni kazi yangu, ukumbi mzima unanitazama, na nikataka kuirudisha kwa njia yangu. Nikawa naandika amri nisizoziona. Nilikosea herufi, nikaanza tena, nikakosea tena. Dakika moja ikawa sita. Mwisho nilichomoa waya, laptop ikawaka, nikaita meza namba tisa, na rafiki yangu akatokea amekunja uso.

"Wewe na mashine zako! Chaji inakwisha!"

"Njooni hapa," nikawaambia mashahidi, "hapa karibu yangu." Bibi arusi akasogea kutoka upande wa wanawake, akasimama nyuma ya bega langu. Picha ilichukua skrini yote, khutba yangu haikuonekana, nikaisoma kwa moyo, fupi kuliko nilivyokusudia. Kisha nikamwambia walii aseme.

Akasema. Polepole, kila neno limekamilika: nimekuoza binti yangu kwa mahari mliyokubaliana. Bwana arusi akakohoa kusafisha koo.

"Nimekubali kumwoa kwa mahari hayo."

Lakini uso kwenye skrini ulikuwa umeganda, mdomo wazi. Kisha ukatoweka. Nikapiga, haikuita.

Shahidi wa kwanza akasema, "Mimi mzee nimemwona na nimemsikia."

Wa pili akasema, "Sawa. Lakini mzee hakumsikia kijana."

Mjomba wa bwana arusi, mtu mkubwa mwenye kanzu ya kahawia, akageukia kwangu. "Sheikh, si una uwakili? Ozesha. Pilau inapoa."

Nilikuwa nao. Walii mwenyewe alinipa kwa ulimi wake, na kisheria hapakuwa na kizuizi. Dakika mbili tu na kila mtu angeshika sahani yake, na kosa langu lingefunikwa. Hilo la mwisho ndilo lililonitia shaka. Nilijiuliza kama natafuta ruhusa ya dini au natafuta kutoka kwenye aibu, na sikupata jibu lililonituliza.

Nikamgeukia bibi arusi. "Mama, uwakili upo na ni halali. Baba yako alisema ikishindikana. Unaona imeshindikana?"

Alifikiri huku akichezea pindo la mtandio. "Baba mdogo, imeshindikana kwako au kwake?"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Hee, huyu binti!"

"Kwangu," nikasema.

"Basi tusubiri."

Tukasubiri. Mjomba alitoka nje, akaingia, akatoka tena. Mimi nilifungua faili nililoliandika alfajiri, nikalisoma mara moja, nikalifuta lote. Nikachomeka waya, nikaandika amri kwa mkono kama Ijumaa, herufi kwa herufi. TV ikawaka, ukuta wote ukapata rangi. Hakuna aliyeshangilia. Halafu nikakaa, nikamwomba Mungu msamaha, nikatazama simu. Nikatazama waya. Nikasimama, nikakaa tena. Nimefundisha watu subira miaka mingi, na saa ile mwenyewe sikuwa nayo.

Saa nne na nusu ikapita. Kule Tanga sala ya Magharibi imeingia, nikajiambia, anasali. Ikakaribia saa tano namba nisiyoijua ilipopiga, na kwenye TV akatokea rafiki yangu, mkubwa kuliko alivyo, chini ya taa ya betri.

"Simu ya jirani," akasema. "Mmeshaozesha?"

"Bado. Tunakungoja wewe."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya. Na safari hii msinikate."

Tulianza upya, mwanzo kabisa. Nikasoma khutba yote. Alipotamka maneno yake, bwana arusi alijibu kwa haraka hadi yakagongana, nikamwambia, "Mwache mzee amalize," naye akarudia kwa utulivu.

"Nimesikia," rafiki yangu akasema. "Nimesikia vizuri."

Vigelegele vikapigwa. Bibi arusi alikimbilia ukutani, akasimama mbele ya TV, uso wa baba yake ukiwa mkubwa kama mlango, akamwambia mengi kwa pamoja. Baba yake alitazama huku na huku.

"Sikuoni, mwanangu. Namwona shehe tu na ndevu zake. Uko wapi?"

"Niko hapa, baba! Mbele yako!"

Kamera ilikuwa kwenye laptop, mbele yangu. Uso wa baba ulikuwa ukutani. Binti akimtazama, haonekani. Akija kuonekana, inabidi ampe mgongo.

"Njoo ukae hapa," nikamwambia, nikaondoka kwenye kiti. Alipokaa, niliinama juu ya bega lake, nikabonyeza vitufe viwili, na dirisha la baba yake likahama kutoka ukutani, likatua kwenye laptop, kimo cha uso wake.

"Ah! Picha imepotea!" mjomba akalalamika nyuma yetu.

"Haijapotea," nikasema. "Nenda kapakue pilau."