Vidole vya Joy

Leo nimejua nilimsingizia mama mkwe wangu.

Mtoto wangu Joy alizaliwa vidole viwili vimeshikana. Miezi minne nimelaumu dawa ya miti ambayo mama mkwe, shosho yake, alininywesha nikiwa na mimba ya miezi saba. Nilimwambia usoni, jamani.

Leo kliniki daktari akatueleza mkono wa mtoto tumboni huanza kama mwiko. Seli huambiana zipi zibaki na zipi zife, ndiyo vidole viachane. Kwa Joy ujumbe haukufika, na hiyo kazi huisha kabla ya miezi mitatu ya mimba.

Mama mkwe, Joy akiwa mapajani mwake, akauliza polepole, "Kwa hivyo daktari, si mimi?"

Kumbe alikuwa ameniamini.

Nikajifanya natafuta kadi kwa mkoba.

Nyinyi mngeanzia wapi kumwomba msamaha?