Kilio Uwanjani Luano

Christiane wa mtaa wa Katuba alikuwa na kazi mbili, zote za mdomo. Kukiwa na matanga, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za kilio, na hata wajomba waliofuata bia tu walijikuta wanafuta machozi. Kiongozi akitua na ndege pale Luano, watu wa itifaki walimfuata yeye na mama ishirini wa kundi lake, wakawagawia vitenge vyenye sura ya mkubwa, wakawapakia kwenye lori na kuwaambia wafurahi. Wakafurahi. Miaka kumi na tisa Christiane amefurahi, kwa zamu, kwa kila chama, na hakuna mkubwa aliyewahi kulalamika kwamba furaha yake ilikuwa na kasoro.

Aliyefurahiwa kuliko wote ni mbunge wao, Mheshimiwa Clovis. Yeye anaishi Kinshasa, maana mapenzi ya wananchi yanataka umbali kidogo. Wakati wa uchaguzi aliwaahidi nyumba ya kuzalia, na mtu asije akamwita mwongo: alisimamisha ubao. Ubao wa chuma, mkubwa, una picha yake akitabasamu na maneno "Hapa inajengwa maternité ya kisasa." Nyuma yake kuna majani na mbuzi wa jirani. Ubao wenyewe ni wa kisasa kweli.

Mwezi wa pili, mvua ikinyesha kama imetumwa, Gaëlle, binti wa pekee wa Christiane, alishikwa na uchungu. Wakampakia kwenye pikipiki kumkimbiza hospitali ya mbali. Alikata roho njiani, hatua chache baada ya ule ubao, na mtoto tumboni mwake. Hapa utani wangu unakwama. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alipenda kucheka, na angeweza kuishi. Alimwachia mama yake mtoto wake wa kwanza, Abigaïl, wa miaka mitatu, ambaye hana mwingine duniani.

Wiki sita baada ya mazishi, watu wa itifaki wakaja na vitenge. Christiane akavaa, akapanda lori. Ndege ikatua, zulia likatandikwa, Mheshimiwa akatokea mlangoni akipunga mkono. Ndipo Christiane alipovua kitambaa cha kichwa, akaweka mikono utosini, akaanzisha wimbo ule unaoimbwa maiti akitolewa nyumbani.

Mama ishirini walimwitikia hapo hapo, kwa mazoea na kwa uchungu pia, kwa kuwa Gaëlle walimzika wote. Wawili wakajigaragaza kwenye lami. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kusikiliza maneno ya nyimbo anazoimbiwa, alishuka ngazi akicheza, tena kwa madaha, mpaka mlinzi wake alipomnong'oneza kwamba anazikwa.

Kumlilia mtu mzima, aliye hai, huku kwetu si mchezo; ni kumwita mauti aje amchukue. Christiane akatiwa mbaroni kabla ya ubeti wa tatu.

Mwendesha mashtaka aliitwa Osée, kijana wa suti na miwani, mpole kama padri.

"Mama, ulilia muntu muzima," alisema. "Ile kwetu ni kuloga, na mu sheria iko outrage, kutukana mukubwa. Miezi sita."

"Nilikuwa nalilia mutoto wangu, papa," Christiane akajibu. "Yee njo aliingia mu kilio yangu."

Osée akapima kosa hilo kwa haki. Mwezi uliopita mezani pake alipita bwana mmoja aliyeuza mabati ya shule nzima. Alionywa vikali, na sasa ni mshauri wa mtu fulani mkubwa. Lakini mabati ni mabati tu. Wimbo unaumiza.

Siku tisa Christiane alikaa ndani. Kapinga, jirani yake na mwimbaji mwenzake, ndiye aliyemletea bukari, ugali wetu, na habari za Abigaïl: mtoto hali chakula, analala mlangoni, anauliza bibi yuko wapi. Siku ya kumi huruma ikafika kutoka Kinshasa. Mheshimiwa amesamehe! Christiane arudi Luano na mama zake, mbele ya kamera za televisheni, aimbe wimbo wa kumsifu, wote, mpaka mwisho. Akiimba, faili linafungwa. Akikataa, miezi sita. Alikosa kwa mdomo, alipe kwa mdomo. Osée aliandika jambo hilo kwenye karatasi na kulipenda sana.

"Imba tu, dada," Kapinga alimwambia. "Mutoto anaisha."

"Nitaimba. Lakini Gaëlle atanionaje?"

Christiane akaitia sahihi karatasi ya Osée huku akiona haya hata kuinua uso.

Siku ikafika. Zulia, kamera, Mheshimiwa kwenye suti ya bluu. Christiane akapaza sauti:

"Nani alitukumbuka?"

Hapo mama wanatakiwa kujibu, "Clovis, baba wa huruma!" Kimya. Hakuna aliyewapanga. Mama ishirini walisimama na vitenge vyao, wakitazama viatu vyao. Kapinga alikohoa.

Christiane akarudia. Kimya tena. Osée, aliyesimama kando ya zulia, akaisoma karatasi yake upya: ilikuwa na jina la mtu mmoja tu. Wengine hawakuwa na kosa, na kunyamaza hakukuwa kwenye kitabu chochote cha sheria alichosoma.

"Endelea, mama," akanong'ona.

"Haiwezi kuendelea, papa. Inaomba muntu wa kuitika."

Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja, na Kinshasa wabunge wenzake Mheshimiwa walikuwa wanatazama. Naye akalegeza tai. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu, kwa sauti nyembamba ya mtu anayejaribu maji ya kuoga, akaitika mwenyewe:

"Clovis, baba wa huruma."

Mlinzi wake akaona aibu kumwacha peke yake, akaunga.

Christiane alihisi kitu kinapanda kifuani, akadhani ni kilio; kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu mazishi. Akakibana. Siku zote uwanjani huwa wanaimba beti tatu, kwa sababu ya jua. Lakini karatasi ilisema wimbo wote, na wimbo una beti kumi na moja, na yeye ni mwanamke wa kutii sheria. Aliziimba zote, polepole, bila kuruka hata neno, na baada ya kila ubeti akasubiri kwa heshima mpaka Mheshimiwa amalize kuitika.