Mnara wa Fundi Mutahi

Mutahi wa Tetu alikuwa mtu asiyetulia. Hata kanisani alichagua mwisho wa benchi, karibu na mlango, na mahubiri yakizidi nusu saa ungemkuta nje akikagua bawaba za madirisha. Kwa miaka thelathini aliwatengenezea watu wa Nyeri vitanda, makabati na majeneza, na hakuna droo yake iliyowahi kukwama. Lakini mwaka ule wa 1996 alihangaika kwa namna nyingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na jambo hilo alimficha mkewe, Kagure. Alimjua: akigundua tu, atamwambia afunge karakana, akae nyumbani aote jua. Kwa Mutahi, hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa hai.

Ndipo Mwalimu Warigia, aliyefundisha chekechea huko Kiganjo, akamletea kazi. Alitaka minara mitatu ya kuchezea, kila mmoja vipande hamsini na vinne vya mbao, vitatu vitatu kila ghorofa. Mtoto anachomoa kimoja chini, anakiweka juu, na anayeuangusha mnara ameshindwa. Mmoja uwe wa kawaida. Wa pili uwe wa rangi, na dadu ya kumwamuru mtoto achomoe rangi gani. Wa tatu uandikwe hesabu, mtoto ajibu kwanza ndipo aguse.

Mutahi akajitosa. Alivibana vipande kwenye jiliwa ili mkono usimsaliti, akavipiga randa mpaka usingepata tofauti ya unywele kati ya kimoja na kingine. Wiki moja baada ya kuichukua minara, mwalimu akarudi na mfuko wa vipande, uso ameukunja.

"Fundi, hii kitu imekataa. Watoto wanavuta, mnara yote inakuja. Ati uliweka gundi?"

Kosa la namna hiyo hulifanya fundi hodari peke yake. Fundi mbovu angefaulu siku ya kwanza! Kumbe mchezo wenyewe unataka vipande vingine viwe vyembamba kidogo, vilegee. Mutahi, ambaye kazi iliyolegea haikuwahi kuvuka mlango wake, aliumia sana. Hata hivyo alishika msasa akavipunguza baadhi, huku akinung'unika kama aliyelazimishwa kudanganya mbele ya pasta.

Ikabaki kuijaribu, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Mchezo ule hauchezwi bila mkono uliotulia.

Asubuhi ya siku ya kuikabidhi, Kagure aliingia karakanani kutoka shambani, akatua kikapu cha majani ya chai, akapanga mnara juu ya meza ya kazi. "Baba Ngugi, kuja tucheze. Mwalimu anafika saa sita."

"Sina wakati." Akaenda kutafuta nyundo asiyoihitaji. Akafagia palipokwisha kufagiwa. Akatoka kumtazama ng'ombe, ambaye naye alimtazama tu. Aliporudi, Kagure alikuwa palepale, amekwisha kuchomoa kipande kimoja na kukiweka juu.

"Ni yako sasa."

Hakuwa tena na pa kukimbilia. Akanyoosha mkono. Vidole vilianza kuruka kabla havijafika, vikaugonga mnara ubavuni, vipande vikatawanyika hadi uvunguni mwa meza. Mutahi akautumbukiza mkono mfukoni upesi.

"Hii mbao haijakauka vizuri," akasema.

Kagure hakucheka. Aliinama, akaokota vipande kimoja kimoja. "Mbao iko sawa. Baba Ngugi, tangu Pasaka nakuwekea chai nusu kikombe. Ulifikiria ni maziwa imepungua?"

Mutahi akavikumbuka vikombe vyote alivyovimaliza bila kumwaga tone, akijisifu moyoni kwamba anajua kuficha.

"Na karakana?" akauliza.

"Kama ningetaka ufunge, si ningesema hapo Pasaka?" Kagure akaanza kupanga upya. "Mimi nitavuta. Wewe niambie ni gani bado imekaza."