Raheli, Mkuu wa Kaya

Mama mkwe wangu, Raheli, alinitia aibu mwaka 1974, tena kwa utulivu kabisa.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, si mbali na Iguguno. Karani, Nathanaeli, alipita na daftari akiandika kaya za kugawiwa viwanja. Kwetu alimwandika mume wangu Zefania, mimi Felista, watoto wanne, halafu akamweka mama chini kabisa, baada ya kitinda mimba: mtegemezi.

"Kiwanja changu kiko wapi?" mama akauliza.

"Mama, wazee mmesamehewa shamba la kijiji. Wewe utapumzika kwa mwanao."

"Nimesamehewa jembe, baba. Nyumba nani kanisamehe?"

Nathanaeli, kijana mwenye adabu zake, akamsomea karatasi: kiwanja ni cha kaya, na kaya ni watu wanaopikiwa jiko moja. Akaaga. Mama akabaki akiyatafuna yale maneno. Baba mkwe alipofariki, ndugu zake walichukua nyumba ya tembe aliyoishi na mama, na tangu hapo, miaka sita, mama aliishi kwangu. Alilala na wajukuu, na mmoja wao alikuwa bado anakojoa kitandani.

Kesho yake asubuhi nikamkuta mbele ya kibanda changu amepanga mafiga matatu, anasonga ugali wake mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkwe anajipikia mlangoni kwako, majirani watasema nini? Walisema. Kufika saa nne Yustina wa jirani alishakuja kuomba chumvi, macho yote kwenye chungu cha mama.

"Mama, chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina, mwanangu. Kitamu mno. Nisipoangalia nitakila mpaka kufa."

Nilinuna. Nikampelekea mlenda, akanishukuru vizuri, akawamwagia kuku. Zefania akajifanya hayupo, kama kawaida ya wanaume mke na mama wakinuniana. Siku ya tisa mama akatuma karani aitwe. Akaja na mwenyekiti wa kijiji, Melkizedeki, mtu wa sauti kubwa, na watu wakawafuata.

Mwenyekiti akalitazama jiko, akacheka. "Bibi, jiko la siku tisa ndiyo kaya hiyo?"

"Na kijiji chako kina siku ngapi?"

Kilikuwa na siku ishirini na tatu. Watu wakaangua kicheko, na kabla hakijatulia Nathanaeli alishaandika: Raheli, mkuu wa kaya, mtu mmoja.

Zefania na wenzake wakamjengea tembe dogo. Siku aliyohamia nikampelekea chungu cha togwa, bado nimenuna kidogo. Nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

Nilijua yumo, nilimsikia akikohoa.

"Hodi, mama!"

"Rudia," akasema kutoka ndani. "Sijasikia vizuri."

Mwanamke yule alikuwa akisikia hata panya akitembea ghalani. Nikapiga hodi ya tatu, chungu kinanielemea kichwani.

"Karibu," akajibu, akaja kunifungulia mlango.

Miaka sita nyumbani kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nakaribisha watu, hata wageni wake yeye. Haikuwahi kunijia akilini kwamba yeye hakuwa na mlango wake wa kupigiwa hodi. Niliingia nikiona haya, nikatua chungu, nikakaa pale aliponionyesha.