Mkato wa Nne

Baba yangu alikuwa na jina, Kala, lakini hakuna aliyelitumia. Rasi yetu nzima ilimwita Mchongaji, na mimi bintiye, Lassar, nilimwita Baba. Alikuwa mtu mgumu mwenye kikohozi cha vumbi, aliyependa siagi iliyochacha kuliko alivyopenda watu. Kwa miaka arubaini alikata majina ya wafu kwenye kingo za mawe.

Kazi yenyewe ni kuhesabu tu. Mikato upande wa kushoto wa ukingo: miwili ni D, mitatu ni T, minne ni K. Unaanzia chini karibu na ardhi, unapanda. Ukikosea hakuna kufuta, maana jiwe hukubali kuongezewa, halikubali kupunguziwa. Kwa hiyo kabla ya kila herufi Baba alitia mdomoni kokoto za idadi yake, na kila mkato ukikamilika alitema moja. Mdomo ukiwa mtupu, herufi imekwisha. Ilikuwa pia njia yake nzuri ya kutojibu maswali ya watu.

Mwiko ulikuwa mmoja: jina la mtu aliye hai lisitajwe karibu na jiwe ambalo halijamalizika. Niliujua kabla sijang'oa meno ya utoto.

Kisha akafa Dala, jirani yetu, aliyezama kinamasini akimfuata ndama. Mjane wake, Ronnat, alitaka jiwe lenye jina la mumewe lisimame mpakani kabla shemeji zake hawajaanza kulisha ng'ombe wao shambani kwake. Likasimamishwa kwanza kilimani ili likatwe, asubuhi ya ukungu. Baba akatia kokoto mbili mdomoni, akaanza.

Mimi nilikuwa chini kidogo na chungu cha uji, nina njaa na nina hasira, kwa kuwa mume wangu alikuwa amezubaa na ng'ombe wake kama kawaida. Nikapaza sauti: "Tala, uji unapoa huku."

Nyundo ikanyamaza. Nilipopanda nilimkuta Baba amechuchumaa. Majanini zilikuwepo kokoto mbili. Kwenye ukingo palikuwa na mikato mitatu. Nikaipapasa kwa kidole gumba, nikarudia, ikabaki mitatu.

"Miwili ni yangu," alisema. "Huu wa tatu sijaukata mimi."

Tukaliacha jiwe vile vile, tukakubaliana tusimwambie mtu. Kesho yake mchana tulipanda tena, na herufi zilizobaki zilikuwepo zote, safi, unga wa jiwe ukiwa bado umelala majanini. Lilikuwa jina la mume wangu. Baba akachukua nyundo kubwa ili alivunje. Alipolipiga mara moja, tulimsikia Tala kule bondeni akipiga ukelele, na nilipomfikia alikuwa amepiga magoti kati ya ng'ombe, ameshika kifua.

Tangu siku hiyo Tala alianza kuwa baridi. Nilimweka karibu na moto, nikampa maziwa ya moto, mikono yake ikabaki kama ya mtu aliyetoka mtoni. Chakula alikisukuma kando. Kila nilipogeuka nilimkuta mlangoni, uso ameuelekeza kilimani.

"Kuna mtu ananiita huko juu," aliniambia. "Ananiita polepole, kwa adabu. Wewe ungejifunza kwake."

Nilicheka kidogo, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana kilichokuwa kikimwita ni mdomo wangu mwenyewe.

Nikamweleza Baba kwamba mume wangu anakufa na aliyemuua ni mimi. Hakunituliza. Alitafuta jiwe lingine, akalikata jina la Dala kwa siku mbili, safi, kokoto na mikato vikilingana, likasimamishwa mpakani na Ronnat akapata haki yake. Siku ya tatu akanoa patasi, akaniambia nimfuate kilimani. Njiani tulimpita Tala, anapanda taratibu kama mtu anayetembea usingizini, hata hakutuona.

Baba akachuchumaa mbele ya lile jiwe. Akaokota kokoto moja, akaipangusa kwa nguo.

"Moja tu?" nikauliza.

"Mitatu ipo. Jiwe halipunguziwi, mwanangu. Linaongezewa."

Nikahesabu hadi minne, herufi ya jina lake, nikaelewa. "Baba, hapana. Tutafute njia nyingine."

"Miaka yote hii nimekata majina ya wenzangu," alisema. "Mshike mumeo asije akaanguka."

Akatia kokoto mdomoni. Akakata mkato wa nne, bila haraka, na juu ya jina akaongeza jina la baba yake mwenyewe, ili jiwe lisije likamchukua mtu mwingine. Nilingoja aiteme ile kokoto. Hakuitema. Tala, mikononi mwangu, alitikisika, akatazama huku na huku kama mgeni.

"Tumefuata nini huku?" akauliza. "Nina njaa."

Baba akakusanya vyombo vyake, akashuka mbele yetu akikohoa. Jioni alikula siagi yake, akalalamika kwamba haijachacha vya kutosha. Baada ya siku nne, shayiri ikiwa bado kijani, alikufa mchana amekaa kizingitini. Nilipomwosha nilifungua kinywa chake, na kokoto ilikuwa pale, shavuni. Sikuitoa.

Tukamzika chini ya jiwe lake. Nikipita pale husimama na kumwita Kala, kwa sauti, kwa jina ambalo sikuwahi kulitumia akiwa hai, na hakuna mwiko wa kunizuia. Mume wangu bado ana afya na bado amezubaa. Hulalamika kwamba miaka hii yote namwita "wewe" tu, kana kwamba nimesahau jina lake.